Koti Hukaguliwa Ndani



Hivi karibuni binti mmoja wa miaka 19 alikuja kuonana nami hapa Acocks Green akiwa na mfuko mkubwa. Ndani yake mlikuwa na koti lenye mkono mmoja tu. Binti huyu ni mwanagenzi kwa fundi wa suti, na anataka kuingia mashindano. Mama yake alifuatana naye akitaka nimshauri aache, ashike zamu za ghalani zenye malipo makubwa zaidi. Wameniruhusu kuandika somo hili bila majina yao.

Mashindano yenyewe yanaitwa Golden Shears, yaani Mkasi wa Dhahabu. Yalianza mwaka 1974, hufanyika London kila baada ya miaka 2, na ni ya wanagenzi na wanafunzi wa ushonaji. Kila mmoja huleta vazi alilolishona, na mafundi wakubwa hulichunguza kwa karibu.

Utasema: kushona nguo ya kupimwa kuna ugeni gani? Sisi sote tulipimwa kwa futi kamba barazani kwa fundi. Ni kweli. Nilipokuwa kambini Nyarugusu nilikaa miaka 3 kando ya cherehani ya mjomba wangu, nikikata nyuzi na kutia vifungo. Suruali iliyoletwa asubuhi ilichukuliwa jioni. Fundi mwepesi ndiye aliyekula vizuri, na ndani ya suruali hakuna aliyeangalia.

Hapa huangalia ndani. Kati ya kitambaa cha koti na bitana kuna kitambaa kigumu, mara nyingi kimefumwa kwa manyoya ya farasi, nacho hushikizwa kwa mishono midogo mingi ya mkono ili kifua kikae na umbo hata koti likiwa limetundikwa. Tundu la kifungo nalo hushonwa kwa mkono. Chama cha mafundi wa mtaa wa Savile Row, London, kinataka suti ya vipande 2 iwe na angalau saa 50 za kazi ya mkono. Mjomba angecheka. Saa 50 zingemtosha kushona sare za darasa zima.

Basi tatizo la binti wetu ni kwamba ana mkono mwepesi. Mkono wa pili wa koti alikuwa ameushona mara tatu, na mara tatu fundi wake akamwambia aufumue. Sehemu ya juu ya mkono wa koti hukatwa kubwa kuliko tundu la bega, na ile ziada hulazwa polepole kwa vidole na pasi mpaka isionekane. Ikiharakishwa, bega linakunjamana. Na hata likilala vizuri, lazima mkono uning'inie kama mkono wa mwenye koti unavyoning'inia.

Alilia aliponieleza. Alidhani anafukuzwa kwa adabu, maana kwetu fundi anayefumua ameharibu kitambaa cha mtu. Nilimwonyesha zile bandi nyeupe kwenye koti lake mwenyewe. Koti la kupimwa hupigwa bandi, mteja akalijaribu, likafumuliwa, likakatwa upya, likapigwa bandi tena. Fundi anayekwambia ufumue bado anakufundisha. Ukiona amenyamaza, hapo muulize.

Sasa hesabu ya mama. Hakukosea. Aprili 2025 kima cha chini cha mwanagenzi kiliwekwa pauni 7.55 kwa saa, na viwango hubadilika kila Aprili, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukubali. Lakini kima hicho ni cha walio chini ya miaka 19 au walio katika mwaka wa kwanza. Akimaliza mwaka huo, binti huyu lazima apandishwe kwenye kima cha umri wake. Jambo la pili lilimshangaza mama zaidi: uanagenzi wa fundi wa suti za kupimwa umewekwa daraja la 5, juu ya A level. Yeye alijua cherehani ni ya walioshindwa shule.

Tukaongea pia kuhusu bitana. Binti alitaka kutumia kitenge cha mama. Ni wazo zuri, ila pamba hushika shati, kwa hiyo kitenge kikae mwilini na mikononi itiwe bitana inayoteleza. Kwa vitambaa vya kujifunzia, pandeni treni kutoka Acocks Green mpaka Moor Street, kisha mtembee kidogo hadi Rag Market. Msianze kukata kitambaa cha bei.

Neno moja kwa vijana mnaojaza fomu, iwe ya mashindano au ya kazi. Fomu yangu ya kwanza hapa niliandika kwamba sina ujuzi wowote, kwa kuwa miaka ile 3 kwa mjomba haikuwa na cheti. Andikeni mlishona nini, kwa nani, kwa muda gani, na kipi mlifanya kwa mkono wenu wenyewe. Pigeni picha za kazi kila hatua, upande wa ndani pia.

Mama aliondoka na mfuko mkononi. Kitenge bado hajakubali kukitoa. Anasema kwanza auone ule mkono wa pili.