BOTI HAINA NGUVU: TUANZE KUTAZAMA WAPI?

Baadhi yetu huvuka maji kila asubuhi kuja shuleni. Leo ningependa tujifunze namna ya kujua kwa nini injini ya boti hupoteza nguvu. Somo hili sikulipata darasani. Nililipata majini, na nusura linikoseshe karo.

Muhula uliopita ami yangu alipakia abiria kutoka Mokowe kuja Amu, nami nikimsaidia. Tulipofika katikati injini ikalegea, kisha ikazima. Mkondo ukaanza kutuvuta na akina mama wakaanza kuomba dua. Baada ya kupumzika kidogo iliwaka, ikaenda, ikalegea tena. Siku tatu mambo yakawa ni hayo hayo. Ami akasema, "Pistoni zimekwisha. Itabidi nitumie zile pesa za karo yako." Moyo ulinidunda!

Tulimwendea fundi mmoja mzee pale gatini. Hakushika spana. Aliuliza tu, "Nahodha, ni injini inayochoka, au injini ni nzima ila boti haisukumwi?" Hilo ndilo swali la kwanza.

1. Injini yalia sana lakini boti haiendi. Kosa liko chini. Zima injini kwanza, uiinue, utazame rafadha. Huenda mwani au kamba ya wavu imejisokota, au panga moja limepinda. Katika injini nyingi kuna mpira ndani ya kitovu cha rafadha, nao huweza kuteleza. Chora mstari wa rangi kutoka sehemu ya ndani ya kitovu hadi ya nje. Ukienda na kurudi ukaona mstari umeachana, mpira umekwisha.

2. Injini yenyewe imelegea. Tazama petroli. Shika kile kipira cha kubinya kilicho njiani kutoka tangini. Kikiwa kimenywea, petroli haitoki tangini vizuri. Ukikibinya na nguvu zikarudi, huenda pampu ya petroli imechoka au hewa inaingia mahali. Tena tia petroli kidogo katika chupa ya kioo. Ikiwa ina maji, utayaona yamekaa chini.

3. Injini inachechemea. Fungua plagi. Iliyo ya rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi iliyolowa haichomi sawasawa. Nyeupe sana yaonyesha joto limezidi.

4. Maji ya kupoza. Ni yale yanayoruka nyuma kama mkojo. Yakiwa membamba au yamekatika, zima upesi. Huenda njia imezibwa na mchanga au chumvi, au pampu ya maji imechakaa. Ndiyo maana ni vizuri kuisafisha injini kwa maji matamu baada ya kazi.

Haya yote yakiwa sawa, hapo ndipo tuzungumze habari za pistoni.

Je, yetu ilikuwa na nini? Mzee alishika kipira, kumbe kimenywea kama embe lililofyonzwa! Akaenda kwenye kifuniko cha tangi, akalegeza kijiskrubu cha tundu la hewa. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi. Petroli haiwezi kutoka ikiwa hewa haingii kushika nafasi yake.

Wenzangu, aliyelifunga tundu lile ni mimi. Siku ile mawimbi yalikuwa yakirusha maji, nikaogopa chumvi isiingie tangini, kisha nikasahau. Nilimwambia ami ukweli huku nikitetemeka. Alinitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Karo yako imebaki. Kuanzia leo kifuniko hicho ni kazi yako."

Tangu siku hiyo kabla hatujang'oa nanga mimi hugusa kifuniko kwanza. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi hata injini tuiulize kwanza kabla ya kuihukumu.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.