Mpira, Bendera na Asabiya

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, tumeulizwa katika darsa yetu hapa Pate: Je, yafaa Mwislamu kuishangilia timu ya nchi yake ishindanapo na nchi nyingine?

Twajibu kwamba asili ya mashindano ya namna hii ni halali. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa ngamia wake Al-Adhbaa, aliyekuwa hapitwi mbioni, alipitwa siku moja na ngamia wa bedui. Masahaba wakaona uzito. Mtume akawafundisha kwamba hapana kinyanyukacho duniani ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Basi ikiwa ngamia wa Mtume alishindwa, na daraja ya Mtume isipungue hata chembe, itapunguaje daraja ya taifa kwa bao moja?

Wala kupenda nchi si dhambi. Suratul Hujurat yatufunza kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kilichokatazwa ni asabiya, yaani mtu kuwanusuru watu wake hata katika dhulma.

Na tuzingatie yaliyopita mwaka 2017. Mwezi wa Machi, Shirikisho la Mpira la Afrika (CAF) liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Mwezi wa Julai likaitoa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwi na vyama viwili. Disemba, Zanzibar ikacheza na Kenya fainali ya Kombe la CECAFA huko Machakos. Zikatoka 2-2, na Kenya ikashinda kwa penalti 3-2.

Hapa pana funzo kwetu, tulio raia wa Kenya na wenye jamaa Unguja. Azimio la mkutano laweza kuitia timu Machi na kuitoa Julai; lakini undugu wa dini na nasaba haukuandikwa na mkutano wo wote, wala haufutwi nao. Aliyeishangilia Kenya siku ile hakukosa. Na aliyeiombea Zanzibar kwa ajili ya jamaa zake si msaliti wa nchi yake. Mwenye kosa ni amtukanaye nduguye kwa ajili ya mpira.

Sisi watu wa Pate twajua mwisho wa asabiya. Mwanzoni mwa karne ya 19 wazee wetu waliungana na Mombasa kuwapiga Waislamu wenzao wa Lamu, wakashindwa Shela. Lamu nayo ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Mwisho wake, miji yote mitatu ikawa chini ya utawala mmoja wa Unguja. Ni nani basi aliyeshinda?

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja mashindano ya mataifa ya Afrika ya 2027. Tufurahi kwa adabu: sala isipitwe na wakati wake, kamari isiingie, ulimi usitukane. Wala furaha isitusahaulishe kuwadai viongozi haki zetu, kwani bao halichimbi kisima wala halijengi hospitali.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu. Amin.