UMILISI NA UPIMAJI WAKE KAZINI: MFANO WA UANDISHI WA USHAHIDI MAHAKAMANI NCHINI TANZANIA

1.0 Utangulizi

Katika isimu, neno umilisi lina maana maalumu. Katika ofisi na taasisi, dhana hiyo hutumika kwa ulegevu zaidi: mtu huhesabiwa kuwa ana umilisi wa kazi yake kwa sababu ana shahada, amefaulu usaili au amekaa kazini miaka mingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa ulegevu huo una madhara. Hoja inayotetewa ni kwamba umilisi hauwezi kupimwa mpaka ijulikane kwanza kazi yenyewe inamdai mtendaji nini. Mfano unaotumika ni uandishi wa ushahidi mahakamani nchini Tanzania, kazi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa pia kazi ya kutafsiri, ingawa haikupimwa kama tafsiri.

2.0 Dhana ya Umilisi

Chomsky (1965) alitofautisha umilisi, yaani maarifa ya lugha aliyonayo msemaji, na utendi, yaani matumizi halisi ya maarifa hayo, ambayo huathiriwa na uchovu, usahaulifu na mambo mengine yasiyo ya kiisimu. Tokeo la tofauti hiyo ni kwamba umilisi hauonekani. Kinachoonekana ni utendi tu, na mpimaji hukisia kile cha kwanza kutokana na hiki cha pili. Hymes (1972) aliiona fasili hiyo kuwa finyu, kwa kuwa ajuaye sarufi pekee hajui lini aseme, lini anyamaze, aseme na nani na kwa namna gani. Canale na Swain (1980) waliugawa umilisi wa mawasiliano katika vijenzi vitatu: umilisi wa sarufi, wa isimujamii na wa mikakati. Canale (1983) akaongeza cha nne, umilisi wa usemi.

Nje ya isimu, mwanasaikolojia wa Marekani, McClelland (1973), alidai kuwa alama za shuleni na majaribio ya akili havitabiri vema mafanikio kazini. Anayetaka kujua nani atakuwa polisi mzuri, alishauri, na amfuate polisi kazini, aorodheshe ayatendayo, kisha achague kipimo kutoka katika orodha hiyo. Isimu inaeleza umilisi una nini ndani yake. McClelland anaeleza mahali pa kuutafuta. Mitazamo hiyo miwili inahitajiana.

3.0 Hakimu kama Mfasiri

Mahakama za mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili. Katika mahakama za juu yake hali ilikuwa tofauti: kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, ilikuwa kawaida shahidi kueleza kwa Kiswahili huku hakimu akiandika kwa Kiingereza. Hakimu alipimwa kwa ujuzi wake wa sheria. Iwapo kesi ilikatiwa rufani, majaji hawakumsikia shahidi, walisoma kilichoandikwa. Kwa hiyo uhuru wa mtu uliweza kutegemea ubora wa tafsiri. Mifano ifuatayo inaonyesha kazi hiyo ilidai nini.

(a) Shahidi anasema tukio lilitokea "saa mbili usiku". Mfasiri asiyekuwa makini akiandika saa mbili kwa hesabu ya Kiingereza, anausogeza wakati kwa saa sita. Katika kesi ambayo mshtakiwa anadai alikuwa mahali pengine, saa sita ni kesi nzima.

(b) Shahidi anasema alikatwa "mkono". Neno hilo huweza kutaja kiungo kuanzia begani hadi vidoleni, ilhali Kiingereza kina neno la kiganja na vidole na neno jingine la sehemu iliyobaki. Ikiwa hakimu amechagua la kwanza na daktari, katika fomu ya polisi namba 3, ametumia la pili, kumbukumbu zitaonyesha mgongano ambao shahidi hakuusema.

(c) Shahidi anasema, "Niliona mtu anakimbia." Kiambishi a- hakitaji jinsi. Kiingereza kwa desturi humtaka mwandishi achague kiwakilishi cha kiume au cha kike. Akichagua cha kiume, shahidi anaonekana ametambua jambo ambalo huenda hakulitambua.

(d) Mlalamikaji katika kesi ya kujamiiana anasema, "Alinifanyia tabia mbaya." Kila msikilizaji Mswahili anaielewa tafsida hiyo. Ikitafsiriwa neno kwa neno, sentensi ya Kiingereza itakuwa sahihi kisarufi, lakini haitataja kitendo ambacho sheria inataka kithibitishwe.

Mifano (a) na (b) inagusa msamiati, ambao katika mgawanyo wa Canale na Swain umo ndani ya umilisi wa sarufi. Mfano (c) unadai mikakati: mwandishi arudie neno "mtu" asimtwishe shahidi jinsi. Mfano (d) unadai isimujamii na mikakati kwa pamoja, kwani hakimu hana budi kuuliza kwa heshima ili maana iwe wazi, bila kumtia shahidi maneno kinywani. Umilisi wa usemi nao unahitajika shahidi anaposimulia kwa mfululizo wa -ka-, ambapo mpangilio wa vitenzi mara nyingi ndio mpangilio wa matukio. Shahada ya sheria, hata iwe ya daraja la juu, haithibitishi lolote kati ya hayo.

4.0 Kuhusu Upimaji

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, kipimo kitokane na kazi: mtahiniwa asikilize ushahidi wa mdomo na kuuandika, badala ya kutunga insha. Pili, sampuli ziwe nyingi. Corder (1967) alitofautisha kosa la kimfumo, linalofichua upungufu wa maarifa, na mtelezo wa mara moja. Sampuli moja haiwezi kutenganisha mambo hayo. Tatu, mazingira yapimwe pia. Hakimu anayesikiliza, anayetafsiri na kuandika kwa mkono mchana kutwa atateleza hata akiwa mmilisi. Taasisi inayohesabu mitelezo hiyo kuwa upungufu wake binafsi inamtwisha mtendaji kasoro za mpangilio wa kazi, na mafunzo itakayompa hayatatibu kitu.

5.0 Hitimisho

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mabadiliko hayo yanapunguza tatizo la ushahidi, kwa kuwa maneno ya shahidi yanaweza kuandikwa kama yalivyotamkwa. Hata hivyo, mzigo wa tafsiri umehamia upande mwingine: mwanasheria aliyesomea sheria kwa Kiingereza, akitegemea hukumu za zamani zilizoandikwa kwa Kiingereza, sasa anatakiwa kujenga hoja na kuandika hukumu kwa Kiswahili. Kuwa mzawa wa lugha si ushahidi kwamba anaimudu rejesta hiyo, kama shahada ilivyokuwa si ushahidi kwamba aliweza kutafsiri. Uchambuzi wa kazi uliokosekana wakati ule unahitajika sasa, kabla mazoea mapya hayajakubaliwa kuwa ndiyo umilisi.