SWETA YA DAMU YA MZEE NA MWANGA WA MCHANA

Mama akikununulia sweta ya damu ya mzee dukani chini ya taa ya stima, kisha kwenye paredi ionekane kahawia na urudishwe nyumbani, usikimbilie kumwita mwenye duka mwongo. Huenda ililingana kweli na sare chini ya taa ile. Nguo zilizotiwa rangi kwa dawa tofauti zaweza kufanana katika mwanga mmoja na kuachana katika mwingine.

Hata mwanga wa mchana wenyewe hautulii. Saa sita kukiwa kweupe, ardhi hupata takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Mawingu mazito yakitanda, huweza kushuka hadi 1,000 hivi. Mara mia! Nasi hatushtuki, kwa kuwa jicho hujirekebisha. Rangi nayo hubadilika. Asubuhi na jioni miale hupita katika hewa nyingi zaidi, buluu ikatawanyika njiani, ikabaki manjano na nyekundu. Kivulini unamulikwa na anga, basi buluu huzidi.

Mwaka 1964 wataalamu Judd, MacAdam na Wyszecki walichapisha uchambuzi wa vipimo 622 vya mwanga wa mchana, vilivyotoka Rochester (Marekani), Ottawa (Kanada) na Enfield (Uingereza). Humo ndimo kilimotoka kiwango cha D65, ambacho viwanda vya nguo hukitumia hadi leo kulinganisha rangi. Nilishangaa: hata kimoja hakikutoka ikweta, ambako jua hushuka wima na giza huingia chapuchapu!

Jaribu hili nyumbani. Jua likishatua tu, weka karatasi nyeupe mezani karibu na dirisha, washa koroboi upande wa pili, usimamishe kalamu katikati. Utaona vivuli viwili. Kivuli cha koroboi, kinachopata mwanga wa dirisha peke yake, huonekana cha buluu. Kile cha dirisha huonekana cha rangi ya chungwa. Mdogo wangu alikataa katakata kwamba karatasi ile ni nyeupe. Fanya haraka, maana baada ya dakika 20 hivi mwanga wa nje umekwisha.

Basi ukienda kununua sweta, beba ile ya zamani. Zishike pamoja ndani ya duka, kisha juani, kisha kivulini, kabla mama hajalipa. Mwenye duka akikataa usitoke nayo mlangoni, maduka yako mengi.