Jeraha na Ushahidi wa Tabibu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: somo letu la mara hii ni juu ya mtu aliyejeruhiwa kwa dhulma, na haki yake ya kulipwa, na ushahidi wa tabibu ambao haki hiyo husimama juu yake. Tumelichagua kwa kuwa wengi wetu twayajua maneno ya diya na suluhu, wala hatujui ni lipi lipasalo kuyatangulia.

Miaka michache iliyopita niliitwa, pamoja na wazee wengine watatu, kusuluhisha baina ya majirani wawili waliogombana juu ya mpaka wa kiwanja. Mmoja wao alimpiga kijana wa mwenziwe kwa rungu, kichwani, upande wa sikio. Siku ile ilikuwa ya tatu tangu kupigwa. Kijana alikuwa amefungwa kitambaa, damu imekwisha kukauka, naye azungumza. Tukaona jambo ni jepesi. Tukasema: kwenda polisi ni kuvunja ujirani, na hospitali ni ya nini na mtu atembea? Tukakata shilingi 15,000, wakapeana mikono, tukaomba dua, tukanywa kahawa.

Baada ya miezi minne baba wa kijana akanijia. Mwanawe hasikii kabisa kwa sikio lile, na kazi yake ameachishwa. Akaniambia, "Sheikh, nyinyi ndio mliokata. Sasa nimdai nani?" Yule jirani hakukana kupiga, alikana tu kwamba uziwi ule umetokana na pigo lake. Wala hatukuwa na karatasi hata moja ya kumjibu. Nilirudi nyumbani na aibu, nikafungua vitabu ambavyo ilinipasa kuvifungua kabla ya kukaa katika baraza ile.

Jambo hili halikuanza kwetu. Imepokewa na Imam Ahmad na Daraqutni, kwa njia ya Amr bin Shuaib, kutoka kwa babake, kutoka kwa babu yake, kuwa mtu mmoja alichomwa kwa pembe gotini. Akamjia Mtume (S.A.W.) akitaka kisasi, naye akamwambia angoje mpaka apone. Yule mtu hakuweza kungoja. Akarudi kudai, akapewa alichokidai. Kisha akaja mara nyingine, naye sasa achechemea. Mtume akamkumbusha kuwa alimkataza naye akaasi, na kwa kilema kile hakupata kitu tena. Tangu hapo akakataza jeraha lisilipizwe kabla ya mwenyewe kupona. Wengi wa maulamaa wamesema kungoja huko ni lazima. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kungoja katika kisasi ni jambo lililopendekezwa.

Kijana wetu ni mtu yule wa goti. Tofauti ni kuwa yule alijiharakia mwenyewe, na huyu tulimharakia sisi.

Basi, ndugu msomaji, shika kanuni hii: kuandikisha jeraha ni jambo moja, na kukata malipo ni jambo jingine. La kwanza hufanywa mapema, maana kila siku ipitayo jeraha hufunga na ushahidi hupungua. La pili hucheleweshwa, maana hajulikani aliyeumia atapona au atabaki na kilema. Sisi tulifanya kinyume: malipo tukayaharakisha, na jeraha hatukuliandikisha kabisa.

Masala ya kwanza: kwa nini tabibu? Katika barua ambayo Mtume (S.A.W.) alimwandikia Amr bin Hazm kwa watu wa Yemen, na katika vitabu vya mafakihi, majeraha ya kichwa na uso yametengwa daraja daraja. Jeraha lililofichua mfupa ni ngamia 5. Lililouvunja mfupa ni ngamia 10. Lililouhamisha mfupa kutoka mahali pake ni ngamia 15. Lililofika kwenye ngozi ya ubongo ni thuluthi ya diya, na diya kamili ni ngamia 100. Kila kidole ni ngamia 10, na jino ni ngamia 5. Na jeraha lisilowekewa kiwango hukadiriwa, na makadirio hayo huitwa hukuma. Hebu tazama: baina ya ngamia 5 na ngamia 10 hakuna ila kuvunjika kwa mfupa, na pengine ni ufa tu uliofichika ndani ya nyama. Ni nani atakayeuona? Si mzee wa baraza. Atauona mwenye elimu ya mwili, kwa mkono wake na kwa picha yake ya eksirei.

Wala mafakihi wetu hawakutosheka na maneno ya mdai. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za pwani, kuwa mtu akidai kupofuka, huulizwa wajuzi wa jambo hilo, au hujaribiwa kwa kusogezewa nge au chuma machoni kwa ghafula. Akidai uziwi, hupigiwa ukelele hali amelala au ameghafilika. Akishituka, huonekana uwongo wake. Na akidai jicho moja limepungua nuru, hupimwa umbali ambao jicho zima laona, kisha umbali ambao lile bovu laona, ikatazamwa tofauti. Huo ulikuwa upimaji wa zama zao. Leo tabibu wa masikio ana chombo kinachotoa sauti ndogo na kubwa katika kila sikio peke yake, akaandika kiwango anachosikia mtu. Kwa hivyo asemaye kuwa kwenda kwa daktari ni mtindo wa wazungu hakufuata ya wazee wetu, ameyaacha.

Masala ya pili: sharia ya nchi. Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, yahukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kesi ya kupigwa na kujeruhiwa haimo humo. Huenda kwa hakimu wa serikali. Na huko jambo la kwanza kuulizwa ni fomu ya P3. Fomu hii hutolewa na polisi bila malipo. Polisi hujaza sehemu yake, na tabibu hujaza yake: jeraha liko wapi, lina umri gani, laelekea kufanywa kwa kitu gani, na daraja yake ni ipi. Kwa sharia ya jinai ya Kenya, kumpiga mtu na kumdhuru mwili kwaweza kumfunga mpigaji hadi miaka 5. Lakini madhara yakiwa makubwa, kwaweza kumfunga maisha. Na katika madhara makubwa yamo kuharibiwa kabisa kiungo au hisi, na kusikia ni katika hisi. Neno moja la tabibu huihamisha kesi kutoka mlango huu hadi ule.

Ama malipo, Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 imempa aliyedhulumiwa haki ya kufidiwa na mkosaji kwa jeraha la mwili, kwa mali iliyoharibika, na kwa gharama za matibabu ya mwili na ya nafsi. Tena yawezekana kumshitaki mpigaji kwa madai ya fidia, na muda wake ni miaka 3. Lakini hakimu hakadirii kwa huruma. Atataka karatasi za hospitali, stakabadhi za dawa, na tabibu wa kusimama mbele yake. Mdai ndiye aletaye ushahidi; hiyo ni kanuni yao, na ni kanuni yetu pia.

Masala ya tatu: je, yafaa tabibu asiye Muislamu? Ni kweli kuwa mafakihi wengi wameshurutisha Uislamu na uadilifu kwa shahidi. Lakini Mtume (S.A.W.) katika safari ya Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye hakuwa Muislamu, na Ibn al-Qayyim ametoa hapo dalili ya kuwa yafaa kumtegemea mtu kama huyo katika utabibu, akiwa ni mjuzi mwaminifu. Aliyemwamini kwa njia ya jangwani, hali makureshi wamtafuta wamuue, ametufundisha kutazama ujuzi na amana. Na kwa wanawake, Imam Shafi amekubali ushahidi wa wanawake wanne peke yao katika mambo yao yasiyoonekana na wanaume kwa kawaida. Basi tusiikatae kauli ya tabibu mwanamke. Bali tujitahidi binti zetu wapimwe naye.

Masala ya nne: sitara. Hapa ndipo dhulma kubwa ilipo. Mke hupigwa kichwani, akaanza kuzimia, na jamaa husema ana shetani. Akapungwa usiku kucha, na huenda damu yavuja ndani ya fuvu. Huu si uganga, ni uuaji wa polepole. Na mtoto akiingiliwa, mama humwosha haraka na kuzifua nguo, kwa kuogopa fedheha. Amefuta ushahidi kwa mkono wake. Lililo wajib ni kumpeleka hospitali kabla ya kuoga, na nguo zake zitiwe katika mfuko wa karatasi. Tena afike kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifai baada ya muda huo. Wala kesi kama hiyo si ya wazee kuimaliza barazani. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 haikuwapa mamlaka hayo. Sitara aliyoiamrisha Mungu ni ya kumfunika aliyedhulumiwa, si ya kumfunika dhalimu.

Masala ya tano: uwongo. Wako wanaomwendea tabibu na bahasha ili mkwaruzo uandikwe kuwa ni mvunjiko, au mvunjiko uandikwe kuwa ni mkwaruzo. Karatasi ya tabibu ni shahada, na shahada ya uwongo ni katika madhambi makubwa. Atoaye na apokeaye wote wamo.

Kwa ufupi: aliyejeruhiwa atibiwe kwanza, karatasi zake za siku ile zihifadhiwe, apige ripoti polisi na achukue nambari yake, P3 ijazwe mapema, na jeraha litazamwe tena baada ya kupona. Suluhu ni kheri, na Kurani Tukufu imeisifu. Lakini suluhu ya mtu asiyejua alichopoteza si suluhu, ni kupunjwa.

Mimi nilifuatana na yule baba hadi hospitali. Tabibu alilipima sikio, akaandika kuwa halisikii. Alipoulizwa limekufa lini na kwa nini, akasema hawezi kuandika asilolijua, kwa kuwa hapana aliyelitazama siku ile. Alisema kweli. Sisi wazee wanne tukachangizana, tukampa kijana tulichoweza. Lakini ile ilikuwa sadaka yetu. Haki yake imepotea mikononi mwetu. Tangu siku hiyo sikai katika suluhu ya jeraha ila kwanza nione karatasi ya tabibu, na nawausia wenzangu wote wanaoitwa kusuluhisha wafanye vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu atusamehe, na atuongoze katika uadilifu. Wabillahi-t-tawfiq.