Malalamiko Yamethibitika? Dai na Marekebisho

Ndugu mzazi unayeishi England, halmashauri ikikiri kwamba ilimkosesha mwanao elimu, usiridhike na barua ya kuomba radhi. Malalamiko yakithibitika, mtoto wako anastahili kufidiwa, na huduma yenyewe inapaswa kurekebishwa ili kosa lisimpate mtoto mwingine. Fuatilia yote mawili.

Haki ya mtoto

Mtoto mwenye mahitaji maalumu anaweza kupewa mpango wa elimu, afya na matunzo, maarufu kama EHC. Halmashauri ikikubali kumpa mpango huo, kwa kawaida lazima iukamilishe ndani ya wiki 20 tangu ilipopokea ombi la tathmini. Kisha kifungu cha 42 cha Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 kinailazimisha kuhakikisha msaada wa kielimu ulioandikwa humo unatolewa. Shule ikishindwa kuutoa, wajibu unabaki kwa halmashauri.

Pa kulalamika

Anza na halmashauri yenyewe, kwa maandishi. Usiporidhika na majibu, nenda kwa Ombudsman wa Serikali za Mitaa na Huduma za Jamii, mchunguzi huru wa malalamiko. Hulipi kitu wala huhitaji wakili, ila usichelewe zaidi ya miezi 12 tangu ulipolijua tatizo.

Angalia jambo moja: ukitaka kupinga kunyimwa tathmini au shule iliyotajwa kwenye mpango, hiyo ni rufaa ya baraza la SEND (mahitaji maalumu ya elimu na ulemavu), si malalamiko kwa Ombudsman. Muda wake ni mfupi: miezi 2 tangu tarehe ya barua ya uamuzi, au mwezi mmoja tangu cheti cha usuluhishi, kwa kufuata tarehe inayokuja baadaye kati ya hizo mbili.

Baada ya uamuzi

Ombudsman akiona kosa, anaweza kupendekeza uombwe radhi na ulipwe. Kwa elimu iliyopotea, mwongozo wake unataja pauni 900 hadi 2,400 kwa muhula. Anaweza pia kuitaka halmashauri iwafunze watumishi wake, ibadili namna ya kufuatilia tarehe za mwisho, au iwatafute watoto wengine walioumizwa na kosa lilelile. Mapendekezo hupewa muda, na halmashauri hutakiwa kuleta ushahidi wa utekelezaji.

Mapendekezo haya si amri ya mahakama, lakini karibu yote hutekelezwa. Halmashauri inayokaidi inaweza kutolewa ripoti ya hadharani, ambayo madiwani hawana budi kuijadili.

Fanya hivi

1. Katika malalamiko yako, taja unachotaka kibadilike. Kwa mfano: “Naomba halmashauri ikague watoto wote ambao mipango yao imechelewa.”
2. Andika pembeni tarehe ya kila pendekezo. Ikipita bila kitu kufanyika, mjulishe Ombudsman mara moja.
3. Mpelekee diwani wako nakala ya uamuzi, umuulize kamati ya elimu imefanya nini.
4. Ukihitaji ushauri, tafuta SENDIASS ya eneo lako, yaani huduma ya ushauri kwa wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu; ni bure. Kiingereza kikikutatiza, omba mkalimani.

Wazazi wengi wenye shida kama yako hawatalalamika kamwe, kwa uchovu, kwa woga au kwa kutojua. Utaratibu ukirekebishwa kwa sababu ulisimamia dai lako hadi mwisho, watoto wao nao watapata haki yao.