Kovu Limepona, Mwenyewe Bado

"Shangazi mpendwa, mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Tanga, mama wa watoto watatu. Nilikuwa na rovu lililoanza kidogo baada ya uzazi wa pili, likakua hata likawa lanibana nilalapo chali. Miezi 14 iliyopita nilipasuliwa, tezi ikaondolewa yote. Kidonda kilipona vizuri, na kila anionaye hunipongeza kwa shingo yangu. Lakini mimi si yule. Nachoka kabla ya adhuhuri. Usiku wenzangu wajipepea, mimi natafuta shuka la pili. Nywele zabaki kitandani. Choo ni kigumu. Nasahau majina ya wanafunzi niliowafundisha tangu alifu. Uzito ulikuwa kilo 61, sasa ni 72, na chakula sikuongeza. Midomo na ncha za vidole hunichonyota, na juzi nikifua mkono ulijikunja wenyewe nikashindwa kuufungua. Sauti niliyokuwa nikiongozea kasida za Maulidi haipandi tena. Nilipewa vidonge vya homoni vya mikrogramu 50 na vingine vikubwa vyeupe vya kalsiamu. Vya homoni navimeza asubuhi kwa chai ya maziwa. Vya kalsiamu navimeza papo hapo, siku vidole vikinichonyota. Kliniki nilirudi mara moja tu. Mume wangu ni mtu mwema, ila asema alioa mwanamke mwenye nguvu. Mamake asema ni uvivu. Na jirani anishauri niache vidonge ninywe mizizi, kwani tezi ikishatolewa maradhi yamekwisha. Je, niviache? Au nimekuwa mtu asiyeshukuru?

Mwenye Kovu, Tanga"

Mwanangu, barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nikajikuta mkono uko shingoni, juu ya kovu langu mwenyewe, ambalo mwaka huu latimiza miaka 19. Kwa hiyo haya nikwambiayo sikuyapata kwa kusikia tu, ijapokuwa barua yako, bila ya jina wala mtaa, nimemsomea pia tabibu bingwa wa maradhi ya tezi ninayemwamini, ili nasaha yangu isije ikapungukiwa na elimu.

Kabla ya kukujibu uliyouliza, sharti nianze na ambalo hukuliuliza, kwa kuwa ndilo lisilongoja. Nyuma ya tezi ile iliyoondolewa huwa pana tezi nyingine nne, ndogo mithili ya punje za mchele, ambazo kazi yake ni kuiweka kalsiamu ya damu katika mizani yake. Nazo, kwa vile zimegandamana na ile kubwa, aghalabu husumbuliwa na kisu hata kikiwa katika mkono wa fundi hodari. Wengi kalsiamu yao hushuka kwa majuma machache, kisha tezi zile zikazinduka zikarejea kazini. Lakini aliyetimiza miezi 14, ilhali midomo yamchonyota na mkono wajikunja wenyewe, huyo yamkini hazikuzinduka, naye ahitaji tiba ya kila siku iliyopimwa, wala si kidonge cha kukimbiliwa siku vidole vinapokumbusha. Nenda hospitali wiki hii, useme maneno haya haya uliyoniandikia, uombe damu ipimwe kalsiamu. Na ikiwa mkono utajikunja tena usifunguke, au koo likabana, au ukapatwa na kifafa, basi usingoje kupambazuka: nenda usiku huo huo.

Sasa nikujibu. Vidonge usiviache abadan. Jirani yako sidhani ana nia mbaya. Anafikiri kama tufikirivyo wengi, kwamba tezi ilikuwa maradhi, nayo ikiondoka maradhi huondoka nayo. Lakini tezi ile, hata ilipokuwa imevimba na kukukaba, ilikuwa mtumishi: ndiyo iliyokuwa ikitengeneza homoni inayouambia moyo upige kwa kasi gani, matumbo yasukume, ngozi ipate joto, akili ishike jambo. Mtumishi amekwenda zake na kazi zake zimebaki, na kile kidonge kidogo ndicho kilichoajiriwa mahali pake, aushi.

Na tahadhari, kwa kuwa dawa hii ina hila moja iliyowadanganya wengi. Hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya siku 7 takriban nusu yake huwa ingalimo. Kwa hiyo anayeiacha leo akanywa mizizi, wiki ya kwanza huamka mzima, akaisifu mizizi kwa majirani, asijue kwamba anakula akiba ya vidonge vile vile alivyovitupa. Kisha akiba ikikauka huzama polepole, na akiendelea hivyo kwa miezi, mwili hupoa na fahamu hufifia hata akawa katika hatari ya kupoteza maisha.

Wauliza kama umekuwa mtu asiyeshukuru. Hapa niache nikusimulie habari ya kale, maana ilinifariji mimi siku nilipoitwa mvivu. Katika mji wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambayo watu wake zamani walijaa marovu kwa upungufu wa madini joto katika ardhi, palikuwa na bingwa wa upasuaji aitwaye Theodor Kocher, aliyeondoa marovu kwa ustadi ambao ulimwengu ulikuwa haujauona. Mwaka 1874 alimpasua binti wa miaka 11, akaitoa tezi yote, kidonda kikapona vizuri, mtoto akarudi kwao. Baada ya miaka alipata habari kwamba binti yule amebadilika, amedumaa na akili imepoa. Angeweza kusema kidonda kilipona na kazi yangu ilikwisha. Badala yake aliwaita wagonjwa wake wa zamani warudi awaangalie, akawaona, mmoja baada ya mwingine, wale aliowatoa tezi nzima: wazito, wenye baridi, nyuso zimevimba, maneno yatoka kwa taabu. Mwaka 1883 alisimama mbele ya wenzake akayatangaza hayo hadharani, akaacha kuitoa tezi nzima pale palipokuwa na njia nyingine. Hakuna aliyekuwa na tiba wakati ule, mpaka mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipomdunga mwanamke mmoja maji yaliyokamuliwa katika tezi ya kondoo, naye akainuka, akaishi hata mwaka 1919. Kocher alipewa Nishani ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii. Na mimi katika yote aliyoyafanya sioni tendo lililo kubwa kuliko kule kuwaita wagonjwa warudi.

Hayo uliyoniandikia, basi, ndiyo yaliyoonekana Bern: baridi, uzito, usahaulifu, uchovu wa kabla ya adhuhuri. Mwana wa watu, huo si uvivu, wala hilo si kukosa shukrani. Ni kipimo kidogo cha dawa. Aliyeondolewa tezi yote kwa kawaida huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtu wa kilo 65 hufika kama 100 hivi kwa siku. Wewe ungali na 50, dozi ambayo nadhani ilikuwa ya kuanzia, na ambayo ingepandishwa lau ungerudi. Hata hivyo usijiongezee mwenyewe kwa kuwa umezisoma hesabu hizi kwangu, kwani dawa ikizidi moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, na kwa miaka mifupa hudhoofu. Apandishaye ni tabibu, akiongozwa na kipimo cha damu kiitwacho TSH, ambacho hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 kila dozi ibadilishwapo, kwa sababu ya ile tabia ya dawa kukaa mwilini. Kwa hiyo ukipandishiwa leo, wiki ya pili ukajiona ungali vile vile, usikate tamaa.

Lakini dozi ni nusu ya mambo. Nusu ya pili ni hiyo chai yako. Nami hapa nina uchungu wangu. Mwaka mzima wa kwanza nilimeza homoni na kalsiamu kwa pamoja, kwa funda moja la chai ya maziwa, kama wewe, kwa kuwa katika hospitali niliyopasuliwa nilikabidhiwa bahasha mbili za vidonge na kuambiwa "asubuhi", na neno jingine sikuambiwa. Niliongezewa dozi mara mbili pasi na faida, mpaka muuguzi mmoja mzee wa kliniki nyingine aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Wavimeza na nini?" Kalsiamu huishika homoni ile tumboni na kuizuia isiingie damuni, na vidonge vya kuongeza damu hufanya vivyo hivyo; maziwa, kahawa na soya navyo huipunguza. Kimeze basi kidonge cha homoni uamkapo, kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, ungoje nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Na kalsiamu iachane nacho kwa saa 4 au zaidi. Ramadhani ikifika, waweza kukimeza wakati wa kulala, saa 3 baada ya kula, au ukaamka mapema kabla ya daku, maadamu umeshauriana na tabibu wako. Vidonge viache katika karatasi yake ya bati, mbali na jua na moto wa jikoni, kwani joto letu la pwani huviharibu. Na ukinuia mtoto mwingine, mwambie tabibu mapema, na siku ujuapo una mimba urudi upesi, maana dozi huhitaji kupanda tangu mwanzo.

Ama sauti, naijua huzuni yake, nami sitaipunguza kwa maneno. Mwimbaji wa Kitaliano, Amelita Galli-Curci, alipasuliwa rovu huko Chicago mwaka 1935, ikasemekana kisu kiliiharibu sauti yake, na mpaka leo mabingwa wa upasuaji huutaja kwa jina lake ule mshipa mwembamba wa fahamu unaokaza nyuzi za sauti ili zipande juu. Hata hivyo wapo waliochunguza habari zake baadaye wakaona huenda kisu kilisingiziwa. Nakutajia hilo kwa muradi maalumu: upungufu wa homoni peke yake huifanya sauti kuwa nzito na ya chini, kwa hiyo usikihukumu kisu kabla dozi haijatengenea. Pamoja na hayo, omba upelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo aziangalie nyuzi zako. Kama mshipa uliguswa, yapo mazoezi ya sauti yanayofundishwa. Mpaka hapo, mpe mwanafunzi wako mmoja aiongoze kasida, wewe umfuate kwa chini.

Liko jambo jingine dogo la kusema, lakini usilisahau: rovu likitolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa. Uliza majibu yake yalisemaje, na uombe nakala. Hukuniambia, nami nahofu hukuambiwa. Wengi majibu yao ni ya heri. Lakini kama palionekana saratani, basi kipimo cha homoni hulengwa vingine, na huenda ikahitajika tiba zaidi, nayo ni saratani ambayo aghalabu yatibika ikifuatiliwa.

Mumeo umesema ni mtu mwema. Msomee barua hii, au bora, mwende pamoja, ayasikie kwa tabibu, kwani mwanamume anayemwona mkewe amepona shingo hana njia ya kuona kilichopungua ndani. Na akishayajua, yeye ndiye atakayemweleza mamake, maana neno hilo likitoka kwake halitaonekana kuwa utetezi wako. Nendeni asubuhi. Chukua daftari la kliniki, pakiti zote mbili za vidonge, na karatasi uliyoandika kila unachokisikia mwilini, usije ukasahau mbele ya daktari; na kidonge cha homoni cha asubuhi ile usikimeze nyumbani, kiweke mkobani pamoja na chupa ya maji, ukimeze damu ikishatolewa.